Kumsifia mume hakutamfanya aache kupiga

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu ndugu yetu wa Makambako aliyeandika kuhusu waume wanaopiga wake zao. Anasema mwanaume anayepiga ni mtu asiyejiamini, kadharauliwa tangu utotoni, kazini hathaminiwi, akirudi nyumbani na mke naye akamjibu ndo basi tena, kwa hiyo dawa ni mke ajishushe, amsifie, amwonyeshe kuwa yeye ndo mfalme wa nyumba na mkono utatulia wenyewe. Naamini kaandika kwa nia njema kabisa. Lakini ushauri huu ukimfikia binti aliyeolewa na mwanaume wa aina ninayotaka kuielezea hapa unaweza kumpeleka kaburini, na siongezi chumvi.

Na wala sio yeye peke yake. Maneno hayohayo ndo tunayoyasikia kwenye kicheni pati zote kuanzia Mafiati mpaka Tukuyu, mama mshauri anashika maiki anasema mwanaume ni mtoto, mbembeleze, msifie, hata akikosea mwambie wewe ndo kichwa, watu vigelegele, binti wa watu kainamisha kichwa ndani ya khanga anasikiliza kwa makini maana kesho kutwa anaingia kwake. Kumsifia mume sio kosa, mume mwema asifiwe na mke mwema naye asifiwe, nyumba inapendeza. Shida inaanza pale sifa zinapopewa kazi ya kuzuia kipigo, maana hapo tayari tumeshamwambia huyo binti kwamba akipigwa basi hakusifia vya kutosha.

Mimi nimekuwa muuguzi hapa Mbeya mpaka nimestaafu, na baadaye kanisani kwetu nikawekwa kwenye kamati ya kusuluhisha ndoa. Nimewasafisha vidonda wanawake walioniambia wameanguka bafuni wakati shingoni kuna alama za vidole. Ukikaa nao taratibu, ukafunga mlango, ukaacha kumuuliza umefanya nini na ukamuuliza ilianzaje, stori zinafanana mpaka unashangaa, awe ni mke wa mwalimu, wa dereva wa lori au wa mkulima wa viazi. Haianzi na kofi. Kwanza anataka pasiwedi ya simu, halafu laini inakatwa eti ile namba wanaijua watu wengi, halafu kikoba anaambiwa aache kwa sababu wanawake wa pale ni wambea, halafu kwaya, halafu dada yake akija kusalimia mume ananuna wiki nzima. Mke akilalamika anaambiwa hilo halijatokea, umeota, umechanganyikiwa, kwenu ndo mko hivyo. Kofi linakuja baadaye kabisa, na likija linakuwa na sababu ndogo ya kushangaza.

Nawapa mfano mmoja, nimeubadilisha vitu ili mhusika asijulikane. Mume na mke wamepeleka viazi sokoni, dalali anauliza ni gunia ngapi za lumbesa, mume anataja namba, mke bila hata kufikiria anasema hapana baba nanihii, mbili zimebaki nyumbani. Basi. Mume akacheka na dalali akacheka, wakapanda bajaji, njiani mume anasalimia watu kwa uchangamfu kabisa na mpaka mtoto wa jirani akamnunulia karanga. Walipofika ndani akafunga mlango. Yule mama aliniambia hakujua kosa lake mpaka alipoambiwa, "umenifanya mjinga mbele ya watu". Mkono ulikuwa umevunjika sehemu mbili.

Sasa huyu sio mtu asiyejiamini kwa maana anayoisema ndugu yangu wa Makambako. Huyu ana picha yake kubwa sana aliyoijenga kichwani, na mtu yeyote akiigusa hiyo picha hata kwa bahati mbaya anaona kama ameuawa. Wataalam wa saikolojia wanaita nasisizimu. Siku hizi kwenye simu kila mtu aliyeachwa anamwita eks wake nasisisti mpaka jambo limeanza kuonekana la mchezo, lakini tabia yenyewe imeandikwa kitaalam tangu 1980 kwenye kitabu cha uchunguzi cha Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, na zimewekwa dalili tisa, daktari akikuta kuanzia tano na zimekaa muda mrefu na zinaharibu maisha ndo anaweza kusema huu ni ugonjwa wa haiba. Kujiona mkubwa kuliko wengine, kuona anastahili upendeleo kila mahali, kutumia watu kwa faida yake, kutoona maumivu ya mwenzie, kiburi, wivu, na mengine. Na mojawapo, naomba ndugu yangu aisome vizuri, ni kuhitaji kusifiwa kupita kiasi. Yaani ile dawa anayomwandikia mke ndo kiu yenyewe ya ugonjwa, na mtu mwenye kiu hiyo haridhiki, leo umemsifia kwa maneno kumi kesho anataka ishirini, siku umechoka au mtoto anaumwa ukasahau, umemtukana.

Zamani hata wataalam walikuwa wanaamini kama anavyoamini yeye, kwamba mkorofi ni mtu anayejidharau. Mwaka 1996 watafiti Roy Baumeister, Laura Smart na Joseph Boden wakapinga, wakasema tazameni vizuri, ukatili mwingi unatoka kwa watu wanaojiona juu halafu mtu akawashusha. Miaka 2 baadaye Baumeister na Brad Bushman wakajaribu kwa vitendo, wakachukua wanafunzi wa chuo 540, wakawaandikisha insha, halafu wengine wakaambiwa insha yako ni nzuri na wengine wakaambiwa hii ni miongoni mwa insha mbovu kabisa nilizowahi kusoma. Baada ya hapo wakacheza mchezo ambao ukishinda unampigia mwenzio kelele kwenye hedifoni, unachagua mwenyewe kelele iwe kubwa kiasi gani na ya muda gani. Waliopiga kelele kali kuliko wote ni wale wenye nasisizimu kubwa waliotukanwa, na walimpigia yule aliyewatukana. Kujidharau peke yake hakukuonyesha kitu.

Najua atanijibu, si unaona, akisifiwa anatulia, ndo nilichosema! Kwenye jaribio la muda mfupi ni kweli. Ila ndoa sio insha. Mke anaishi na huyu mtu miaka, lazima siku moja aulize ada iko wapi, lazima aseme mboga imekosa chumvi kwa sababu hela ya chumvi hukuacha, lazima achelewe kwa sababu daladala limeharibika, lazima amsahihishe kwenye hesabu ya magunia. Na lipi ni tusi anaamua mume peke yake. Tena mwaka 2021 huyohuyo Bushman na mwenzie Sophie Kjærvik wa Chuo Kikuu cha Ohio State walikusanya tafiti 437 zenye watu 123,043, wakakuta nasisizimu inaendana na ukali na vurugu kwa wanaume na wanawake, kwa vijana na wazee, na hata pale ambapo mtu hakuchokozwa, japo akichokozwa uhusiano unakuwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo hata yule mke atakayefanikiwa kukaa kimya kama jiwe hana usalama wa uhakika.

Ila nisimwonee ndugu yangu, kuna kipande yuko sahihi. Nasisizimu ipo ya namna mbili. Kuna wa majigambo, yule anayeingia baa na kila mtu anajua kaingia. Na kuna wa ndani kwa ndani, mpole usoni, anaona kila mtu anamdharau, anaweka kinyongo, anajiona anastahili makubwa ila dunia imemnyima. Mwaka 2023 ulitoka uchambuzi wa tafiti 22 kuhusu wapenzi na wanandoa, watu zaidi ya 11,000, ukaonyesha uhusiano kati ya nasisizimu na ukatili kwa mwenza upo ila ni mdogo kwa ujumla, na unaonekana kwa huyu wa pili, wa kinyongo, sio yule wa majigambo. Kwa hiyo ndiyo, ndani kuna kidonda. Lakini wapo watu wengi sana wenye vidonda, waliodharauliwa na baba zao, waliofukuzwa kazi, na hawajawahi kumnyanyulia mke mkono. Huyu kidonda chake kimekaa pamoja na imani kwamba anadaiwa heshima na kila mtu, hasa na mwanamke aliyemtolea mahari, na hiyo imani ndo inayonyanyua mkono.

Nimesema uhusiano ni mdogo na sitaki kuuficha, maana nikiuficha watu wataanza kudhani kila mpigaji ana ugonjwa na kila mwenye kiburi ni mpigaji. Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti wake mkubwa wa nchi mbalimbali, ripoti ikatoka 2005, kwa Tanzania walichagua Dar es Salaam na hapa kwetu Mbeya. Dar wanawake waliowahi kuwa na mwenza waliosema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza walikuwa asilimia 41. Mbeya asilimia 56. Zaidi ya nusu! Wakati huohuo utafiti mkubwa wa Marekani wa 2008 ulikuta waliowahi kuwa na huo ugonjwa wa nasisizimu ni asilimia 6.2 tu ya watu wazima, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Hata kama sisi tungekuwa na mara mbili ya hapo bado hesabu haifiki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kipigo cha Mbeya sio haiba ya mtu, ni sisi, ni malezi na mila na umaskini na pombe na kuzoea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu fulanifulani, kama vile kuunguza chakula au kubishana naye, wanawake asilimia 58 walikubali angalau sababu moja, wanaume asilimia 40. Wanawake wenyewe wengi kuliko wanaume.

Sasa mweke mwanaume mwenye ile haiba katikati ya jamii kama hiyo. Kwingine angekutana na upinzani, marafiki wangemkimbia, bosi angemfukuza. Kwetu nyumbani anapewa kiti cha enzi bure siku ya harusi, na anayetaka kusujudiwa akiambiwa na ukoo mzima kwamba kusujudiwa ni haki yake, nani atamwambia hapana?

Mnaosema ni pombe, ni ulanzi, ni komoni, nakubali pombe inachochea, hata tafiti zinasema. Ila nitawauliza, huyo mlevi mbona akiwa amelewa chakari hampigi mwenyekiti wa mtaa, hampigi mwenye kilabu anayemdai? Anavuka watu wote hao salama mpaka afike kwake. Na mnaosema ni kabila, kwamba Wahehe ndo hasira zao, naomba hiyo tuiache kabisa, nimehudumia wanawake waliopigwa na wanaume wa makabila yote ya nyanda hizi na wa kutoka kwingine, na kuna mabinti wa Iringa wanavumilia mateso kwa sababu tu wameaminishwa kuwa hasira ya mume ni damu ya ukoo haina dawa.

Sehemu inayoniuma zaidi ni kwenye usuluhishi. Mwanaume wa haiba hii mbele ya wazee ni mtu mzuri sana. Kavaa shati limenyooka, anasalimia kila mtu kwa heshima, shikamoo baba mchungaji, shikamoo mama, anakubali kosa kabla hajaulizwa, machozi yanamtoka, anasema nampenda mke wangu ila mwenzangu ana mdomo. Mke yuko upande wa pili hajalala, anaongea kwa kelele, anaruka kutoka jambo la 2019 kwenda la juzi, tarehe zinamchanganya. Wazee wanatazamana. Wanamwambia mama punguza mdomo. Wanapiga goti wanaomba, wanarudi nyumbani, na yale yote mke aliyoyasema pale ndani yanakuwa ushahidi wa kwamba amemdhalilisha mume mbele ya kanisa. Mnaelewa anaporudi nyumbani anakutana na nini? Ndo maana wataalam wengi wanatahadharisha kuwakalisha wawili pamoja wakati kipigo bado kinaendelea. Aulizwe kila mmoja peke yake, siku tofauti ikiwezekana, na mke asiulizwe amepigwa mara ngapi tu. Aulizwe simu anashika nani, hela anashika nani, anaruhusiwa kwenda kwao, akiumwa anaomba ruhusa ya kwenda hospitali? Ule utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliuliza maswali ya namna hiyo, na waliodhibitiwa zaidi ndo waliokuwa na uwezekano zaidi wa kuwa wamepigwa.

Pia wazee wengi hawajui sheria au wanajua wanakaa kimya. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema wazi kwamba hata kama mila inasema vingine hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo. Imeandikwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Na kile kifungu cha 101 kinachotaka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa kimeacha mlango kwa hali zisizo za kawaida, mahakama ikiridhika kwamba kwenda barazani haiwezekani. Wanawake hawaambiwi hilo, wanazungushwa tu barua za baraza huku wanalala na mtu yuleyule.

Halafu kuna wale wanaotoka upande wa pili kabisa, vijana wa mitandaoni, wao jibu lao ni moja, ondoka leo. Mimi nasema ondoka, ila kwa akili. Jacquelyn Campbell na wenzake walitoa utafiti 2003 wa wanawake waliouawa na wenza wao kwenye miji 11 ya Marekani, wakakuta pale ambapo mwanaume ni wa kudhibiti sana na wameshaachana baada ya kuishi pamoja, hatari ya mwanamke kuuawa inapanda karibu mara tisa. Kuachwa ndo tusi kubwa kuliko yote kwa mtu wa aina hii. Kwa hiyo usitangaze, usimtishie kwamba utaondoka, usiweke stetasi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, vyeti na kadi ya kliniki ya mtoto vitoke kwanza, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, kama umeumia pata PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, utibiwe na maumivu yaandikwe. Na kama hospitali iliyo karibu ina kituo cha mkono kwa mkono nenda hapo, polisi na daktari na ustawi unawakuta sehemu moja.

Wazazi na nyie, hasa sisi wa Rungwe na Kyela tunaopokea ng'ombe. Binti anarudi nyumbani jicho limevimba, baba anakaa anahesabu ng'ombe waliokwisha kutumika kwa mahari ya kaka yake, asubuhi anamrudisha. Msiseme hamkujua.

Wanaume wanaopigwa na kudhibitiwa na wake zao wapo, nimewaona, wengi wanaficha kwa aibu, na haya yote ninayosema yanawahusu. Na mtu mwenye haiba hii ambaye anataka kubadilika kweli, inawezekana, kuna ushauri wa muda mrefu na mtaalam wa saikolojia, hakuna kidonge chake maalum, ila aende yeye mwenyewe kwa hiari yake na kipigo kikome kwanza, isiwe mke anaambiwa avumilie mpaka mume apone. Na kuwa na haiba hii sio utetezi mahakamani wala kanisani, maana mtu anayesubiri mpaka mlango ufungwe anajua anachofanya.

Ndugu yangu wa Makambako, umeandika kwamba unaoza binti mwaka huu. Hongera sana. Nakuomba kabla ya kicheni pati mkae naye wewe na mama yake, mumuulize huyo kijana akikataliwa kitu kidogo anafanyaje, akisahihishwa mbele ya rafiki zake anafanyaje, mhudumu wa hoteli akimletea chai ya baridi anaongea naje, na kama tangu wameanza urafiki yeye binti ana marafiki wengi zaidi au wachache zaidi. Majibu yakiwatia wasiwasi simamisheni, hata kama kadi za michango zimeshasambazwa.

Na wewe mhariri, kila mnapotoa habari ya mke aliyeuawa au kujeruhiwa, ongezeni chini yake mistari miwili mitatu tu, Dawati la Jinsia la wilaya hiyo liko wapi na ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, maana kuna mtu anasoma habari hiyo akiwa amefungiwa maandazi kwenye gazeti lenu, na huenda ndo mara pekee kwa wiki nzima anasoma kitu ambacho mume wake hajakikagua.

Muuguzi mstaafu,
Uyole, Mbeya